Dinamo ya Baiskeli Yaweza Kuchaji Simu

Zamani njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa Tabora. Wapagazi Wanyamwezi walibeba vitambaa, shanga na nyaya za shaba zilizoviringwa, kila mtu mzigo wa kilo 30 hivi. Mali ilikuwa ya wafanyabiashara. Mpagazi alipata ujira wake tu. Leo waya wa shaba umo nyumbani mwetu, ndani ya dinamo ya baiskeli, na faida yake yaweza kuwa yetu wenyewe.

Umeme umefika vijiji vingi, lakini nyumba zilizo mbali na nguzo zingaliko. Simu ikizimika usiku, na mama ameshikwa na uchungu, mwenye pikipiki ataitwaje?

Wako waliokwisha kujaribu. Bernard Kiwia, fundi baiskeli wa Arusha, alibuni chaja ya simu iendeshwayo kwa baiskeli. Huko Malawi, mwaka 2002, kijana William Kamkwamba, aliyeacha shule kwa kukosa ada, alijenga kinu cha upepo kwa miti, fremu ya baiskeli na dinamo, akawasha taa nyumbani kwao.

Vitu vitakiwavyo

Dinamo ya volti 6. Dayodi nne na kapasita moja ya volti 50, ambazo hupatikana hata katika redio mbovu. Kidhibiti kiandikwacho 7805. Na waya wa chaja kuukuu wenye kichwa kizima. Kwa kulehemu, azimeni chombo cha fundi redio. Kikikosekana, tieni mpini wa mti kwenye kipande kinene cha shaba, mkipashe moto kwenye makaa.

Namna ya kufanya

Umeme wa dinamo huenda na kurudi, bali simu yataka umeme uendao upande mmoja. Dayodi ni kama mlango ufungukao upande mmoja tu. Unganisheni dayodi mbili kwa ncha zenye mstari: hapo ni chanya. Mbili nyingine ziunganishwe kwa ncha zisizo na mstari: hapo ni hasi. Kisha kila ncha iliyobaki ya jozi ya kwanza iungwe na ncha moja ya jozi ya pili. Maungio hayo mawili ndiyo yapokeayo waya mbili za dinamo, mmoja kutoka kichwani pake, mwingine kutoka mwilini.

Kapasita huwekwa kati ya chanya na hasi. Mguu wenye mstari uende hasi. Shikeni 7805 maandishi yakiwaelekea: mguu wa kushoto hupokea chanya, wa kati ni hasi, wa kulia hutoa volti 5. Kifungeni kwenye kipande cha sufuria ya alumini, maana hupata moto. Waya mwekundu wa chaja uende kulia, mweusi uende kati. Wa kijani na mweupe, kama zipo, ziunganishwe zenyewe kwa zenyewe.

Angalieni! Waya hasi na alumini visiguse chuma cha baiskeli, kwani mwili wa dinamo umeshikana nacho. Kabla ya kuunga simu, fundi apime kwa mita: iwe volti 5. Msiguse kamwe umeme wa ukutani, wala msipasue betri ya simu.

Simu ndogo ya vitufe yahitaji mwendo wa saa mbili au tatu. Aendaye shamba au gulioni atarudi nayo imejaa.

Baba, kazi hii usiifanye peke yako. Mt. Yosefu alikuwa fundi, na Yesu mwenyewe aliitwa seremala. Mwite mwanao, na binti yako pia, ashike waya na kuuliza. Chaja itachakaa siku moja, lakini mtoto aliyejua ilivyotengenezwa ataweza kutengeneza nyingine.