'He' si 'Yeye'

Mwalimu akiandika ubaoni kwamba 'he' na 'she' maana yake ni 'yeye', mtoto hunakili, hukariri, na miaka 20 baadaye bado anasema 'my mother he is sick'. Wenzake humcheka, eti hakusoma. Kumbe alisoma vizuri sana! Kilichompotosha ni ile fomula ya ubaoni.

Tuitazame. Katika Kiswahili, 'Amefika' ni sentensi kamili. Kiambishi 'a-' kimekwisha kutuambia ni nani. Tukisema 'Yeye amefika', tunasisitiza: yeye, si mwingine. Kitenzi cha Kiingereza hakibebi viambishi vya nafsi kama vyetu. Kimebaki na kijisehemu '-s' tu katika 'arrives'. Kwa hiyo 'he' hufanya kazi ya 'a-', wala si kazi ya 'yeye'. Mwingereza akitaka kusisitiza, huikazia sauti 'he' hiyo hiyo.

Hapo ndipo inapotoka 'my father he works in Mombasa'. Kwetu ni lazima: 'Baba yangu anafanya kazi Mombasa', baba kwanza, kisha 'a-' inayomrejelea. Msemaji ameibeba 'a-' yake hadi kwenye Kiingereza. Lakini Kiingereza sanifu cha maandishi kinataka kimoja: ama 'my father', ama 'he'.

Kosa la hatari zaidi, kwa maoni yangu, ni lile ambalo kalamu nyekundu hailioni. 'Tulienda sokoni na Juma.' Kwetu, hao wanaweza kuwa watu wawili tu, mimi na Juma. Tafsiri sasa: 'We went to the market with Juma.' Sarufi ni safi kabisa, ila Mwingereza amehesabu watu watatu au zaidi. Mwalimu atatia alama ya vyema, na maana imeshapotea.

Turudi kwenye jinsia. 'A-' haibainishi mume wala mke, wala 'yeye' haibainishi. Kikuyu na Kidholuo ni vivyo hivyo. Hata Kimaasai, ambacho nomino zake zina jinsia, hutumia kiwakilishi kimoja kwa nafsi ya tatu umoja. Mwanafunzi aliyelelewa kwa Kisomali ana nafuu, maana lugha yake huwatenganisha wawili hao. Sisi wengine tunaombwa tuamue jambo ambalo lugha zetu hazikuwahi kutuuliza.

Mambo haya hayaishii darasani. Mahakamani, shahidi anasema: 'Alinipigia simu akaniambia amemwona akitoka.' Kumbukumbu za kesi aghalabu huandikwa kwa Kiingereza, basi mkalimani anatoa 'he told me he had seen her'. Ngoja kwanza! Shahidi hakusema aliyepiga simu ni mwanamume, wala hakusema aliyeonekana ni mwanamke. Mkalimani makini huomba ruhusa amuulize shahidi. Asiyeuliza ameongeza ushahidi kutoka mfukoni mwake.

Kuna watakaosema, si atumie 'they'? Ni kweli, Waingereza wameitumia kwa mtu mmoja asiyejulikana jinsia tangu karne ya 14, ijapokuwa wanasarufi wa karne ya 18 waliikemea. Lakini wakili akiisoma kwenye kumbukumbu atauliza: walikuwa wangapi?

Walimu wenzangu, naomba 'he' na 'she' ziandikwe ubaoni kando ya 'a-', nazo 'him' na 'her' kando ya '-m-' ya 'nimemwona'. Kisha wape wanafunzi sentensi hii: 'Amemwambia kwamba anampenda.' Waulize ina tafsiri ngapi za Kiingereza. Zipo nafasi nne, na kila nafasi ina njia mbili. Hizo ni tafsiri 16 kwa jinsia peke yake, hata kabla darasa halijaanza kubishana ni nani hasa anayempenda nani.