Je, Wajua? Farasi Mwoga Atembeapo Peke Yake

Je, wajua kwamba farasi, mnyama aliye nadra kuonekana katika nchi za chini za Kongo, kwani mbung'o wa huko huwatia wanyama wa namna yake maradhi ya nagana, huona karibu pande zote kwa mara moja, isipokuwa mbele kabisa ya paji lake na nyuma ya mkia? Kwa sababu hiyo, na kwa kuwa Mola amemjaalia kuishi kundini ambamo wenziwe humlinda, atolewapo peke yake hushtushwa hata na jani la mgomba litikisikalo, akasita, akarudi kinyumenyume, au akatimka. Mpandaji hodari hamchapi (hapa ndipo wengi hukosea), maana kiboko humthibitishia mnyama kwamba hatari ipo. Humlegezea hatamu kidogo, akampa muhula wa kutazama, kisha akampitisha mshazari kando ya kile kimtishacho. Tena mnyama mwoga hutulizwa na mwenziwe; wafuga tembo wa kituo cha Gangala-na-Bodio, huko Uele, kaskazini-mashariki mwa Kongo, walilifahamu jambo hili barabara: mwanatembo aliyenaswa mwituni walimfunga ubavuni mwa tembo aliyekwisha kufugwa, nao utulivu wa mkubwa ukamwingia mdogo.