Mashine za Kupuliza Majani Zenye Magurudumu: Kilichoboreshwa na Kilichobaki

Majani yanapopukutika katika majimbo ya kaskazini ya Marekani, kampuni za kutunza bustani huhitaji watu wengi wa kusafisha nyua, viwanja vya shule na maegesho ya magari. Penye eneo pana, mfanyakazi hukabidhiwa mashine ya kupuliza majani inayosukumwa kwa magurudumu. Muundo wa mashine hii umeboreshwa kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo, ni muhimu anayeisukuma ajue maboresho hayo yanaishia wapi, kwa kuwa usikivu uliokwisha kuharibiwa na kelele haurudi.

Ndani ya mashine mna pangaboi linalozungushwa na injini. Katika miundo mingi ya zamani lilikuwa la chuma zito, lenye mapanga machache yaliyonyooka, na kasha lake lilikuwa na pembe. Sehemu ya hewa ilizunguka humo humo badala ya kutoka, injini ikaunguruma kwa kazi ndogo. Siku hizi makasha mengi ni ya mviringo, na pangaboi ni la plastiki ngumu, jepesi, lenye mapanga mengi yaliyopinda. Hewa hutoka kwa wingi zaidi, na baadhi ya watengenezaji wamefaulu kupunguza mvumo.

Badiliko lenye manufaa zaidi kwa afya ni dogo kwa macho: wenzo ulio karibu na mikono, unaogeuza mkondo wa hewa mbele au ubavuni. Hapo awali ilibidi mtu asimame na kuinama ili kuugeuza, na wengi hawakujisumbua. Sasa vumbi linaweza kuelekezwa mbali na uso na mbali na wapita njia papo hapo.

Kelele, hata hivyo, ingalipo. Taasisi ya Taifa ya Usalama na Afya Kazini ya Marekani, NIOSH, inapendekeza kiwango kisichozidi desibeli 85 kwa saa 8. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda hupungua kwa nusu: desibeli 88 ni saa 4, desibeli 94 ni saa 1, na desibeli 100 ni dakika 15 tu. Tangazo linaloita mashine “tulivu” lisomwe kwa tahadhari. Mara nyingi kipimo huchukuliwa umbali wa futi 50, ilhali masikio ya mfanyakazi yako hatua moja tu kutoka kwenye injini. Ikibidi kupaza sauti ili kusikika na mtu aliye umbali wa mkono, basi yamkini kelele imepita kiwango.

Madhara haya huja bila maumivu. Sauti nyembamba hutangulia kupotea, hata “fika” na “shika” zikawa ngumu kutofautishwa. Mgeni katika nchi huweza kudhani kwamba ni Kiingereza kinachompita, kumbe ni masikio yanayopungua nguvu.

Kwa hiyo vizibo vya masikio au vifuniko vyake vivaliwe muda wote injini inapowaka, hata kama mashine ni mpya. Wastani wa kelele ukifikia desibeli 85 kwa saa 8, kanuni za serikali kuu humtaka mwajiri kutoa kinga hizo bila malipo. Vumbi linaloinuliwa huweza kuchanganyika na chavua, kuvu, vinyesi vya wanyama na chembe za saruji. Miwani ya kinga na barakoa ya N95 husaidia. Mashine ya petroli isiwashwe kamwe ndani ya gereji, hata mlango ukiwa wazi, kwa sababu hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu na huua.

Anayesikia mlio masikioni baada ya kazi, au anayeambiwa na jamaa zake kwamba anaongeza mno sauti ya televisheni, aombe kupimwa usikivu. Kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu huwajibika kutoa mkalimani bila malipo. Mgonjwa aombe mkalimani wa Kiswahili anapoweka miadi.