Kabla Hujalipia Gitaa Kavu

Wazazi wanaomnunulia mtoto gitaa la kwanza, na vikundi vya kwaya vinavyochangishana fedha, mara nyingi hufika dukani wakiwa na bei kichwani na rangi machoni. Gitaa hutazamwa, nyuzi hupitishwa kidole mara moja, na fedha hutolewa. Haraka hiyo ina gharama kisheria. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, mfanyabiashara anawajibika kuuza kitu chenye ubora unaostahili; lakini iwapo mnunuzi amekikagua, ulinzi huo haufiki kwenye kasoro ambazo ukaguzi wake ulipaswa kuzibaini. Na kasoro nyingi za gitaa kavu huonekana na kusikika kwa yeyote anayejua pa kuangalia.

Tuanze na shingo, kwa kuwa ndiyo ghali zaidi kutengeneza. Liinue gitaa usawa wa jicho, kama mtu anayelenga shabaha, ukitazama kutoka kichwani kuelekea kwenye kasha. Shingo nzuri imenyooka, au ina mbinuko mdogo mno. Magitaa mengi ya nyuzi za chuma yana fimbo ndani ya shingo ambayo fundi huikaza au kuilegeza ili kuondoa mbinuko. Shingo iliyojisokota, hata hivyo, fimbo hiyo haiinyooshi. Kisha pima nafasi kati ya uzi mnene na freti ya 12. Kwa nyuzi za chuma, milimita 2 hadi 3 zinatosha. Kwa nailoni, karibu 4. Nafasi ikizidi sana, vidole huumia, na mwanafunzi hudhani hana kipaji kumbe ameshindwa na gitaa.

Mwombe muuzaji akaze nyuzi hadi kila moja itoe sauti yake sahihi. Programu ya bure ya simu inatosha kuhakiki. Gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12 na uupige ulie kama kengele, kisha ubonyeze hapo hapo na upige tena. Sauti hizo mbili zapaswa kuwa moja. Zikitofautiana, na nyuzi si kuukuu, gitaa litapotoka kadiri mkono unavyopanda shingoni. Malizia kwa kubonyeza kila uzi katika kila freti, ukisikiliza mkwaruzo au sauti iliyokufa. Huhitaji kujua wimbo wowote, na kazi yote haizidi dakika kumi. Muuzaji asiyekuruhusu, tunakushauri umwachie gitaa lake.

Daraja, yaani kipande cha mbao kinachoshikilia nyuzi juu ya kasha, lisiwe na mwanya hata wa kupitisha ncha ya karatasi. Kwa magitaa yaliyotumika, uliza pia yaliwekwa nyuzi gani. Seti ya chuma huvuta kwa nguvu ya takriban kilo 70, ya nailoni takriban 40. Gitaa lililoundwa kwa nailoni likifungwa chuma, daraja huanza kung'oka na uso wa kasha huvimba.

Maneno “mbao halisi” hutumika ovyo. Tazama ukingo wa tundu la sauti: mistari ya mbao ikiendelea kutoka juu hadi ndani, uso huo ni ubao mmoja, ukiona matabaka, ni plaiwudi. Plaiwudi si aibu. Huhimili unyevu wa pwani vizuri zaidi, na kwa mtoto anayeanza yafaa kabisa, ila isilipiwe bei ya ubao mmoja, ambao sauti yake huwa na kina zaidi. Vivyo hivyo, weusi wa ubao wa vidole si uthibitisho kwamba ni mpingo, mti wetu unaosifika duniani kwa klarineti. Mara nyingine ni mbao nyepesi iliyopakwa rangi, na rangi hiyo hufifia chini ya vidole.

Kwa hiyo, lolote muuzaji analolisifia liandikwe kwenye risiti: “uso wa ubao mmoja”, “nyuzi za chuma”, “ubao wa vidole wa mpingo”. Sheria hiyo hiyo inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo yake, na hapo kasoro iliyojificha ndani ya kasha hubaki kuwa jukumu la muuzaji.