Fyuzi Kubwa Si Dawa

Swali ni lile lile kila mara: fyuzi ya Asteroids inakatika kila mashine ikiwashwa, je, kuna ubaya kuweka kubwa kidogo? Fundi wa mashine za zamani za michezo huulizwa hivyo na mtu ambaye tayari ameshaiweka. Anachotafuta ni baraka tu.

Hapewi. Asteroids ilitoka Atari, California, mwaka 1979, na zaidi ya 70,000 zikauzwa. Zilizobaki zina miaka zaidi ya 45 ya joto, vumbi na mafundi wa kubahatisha. Ndani yake fyuzi ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kwa bei, na kazi yake ni kufa kwanza.

Wenye fyuzi kubwa husema ya kwanza ilikuwa "dhaifu". Hesabu inawakataa. Joto la waya hukua kwa mraba wa mkondo: pakipita ampea 14 pale palipopangiwa 7, waya unatoa joto mara nne. Nani ameubadilisha waya? Hakuna. Transfoma imezungushiwa shaba iliyopakwa vanishi nyembamba. Vanishi ikiungua, mizunguko inagusana, na kilichoanza kama dayodi ya bei ya soda kinageuka transfoma ambayo haitengenezwi tena.

Halafu kuna karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. (Wamarekani wa zamani walikuwa na yao: sarafu ya senti nyuma ya fyuzi ya nyumba.) Fyuzi iliyovishwa karatasi hiyo haikatiki kwa shoti ya kawaida, kwa hiyo shoti hutafuta kingine cha kukata. Ukifungua mlango wa nyuma wa mashine kama hiyo, harufu inakutangulia. Kishikio cha fyuzi kimeyeyuka na kulala kama nta ya mshumaa, na waya ulio karibu umegeuka kahawia.

Zaidi ya hapo, fyuzi iliyokatika ni ushahidi, na watu huutupa jalalani. Kioo kilichopakwa weusi: shoti kali, uzi umelipuka. Kioo safi, uzi umekatika katikati taratibu: mzigo umezidi kidogo kwa muda mrefu. Risasi ya mwishoni imeyeyuka na kishikio kina kutu: kishikio kimelegea na chenyewe ndicho kinachochemka. Hapo hakuna shoti yoyote, na mtu angeweka hata ampea 30 bila kuponya kitu.

Hata namba haziaminiki kijuujuu. Fyuzi ya Kimarekani ya milimita 32 ikibebeshwa asilimia 135 ya kiwango chake, inatakiwa ikatike ndani ya saa moja. Ya Ulaya ya milimita 20 inatakiwa istahimili asilimia 150 kwa saa nzima. Kwa hiyo 7 ya huku si 7 ya kule, na ya kuchelewa kukatika haibadilishwi na ya haraka, kwa sababu transfoma huvuta mkondo mkubwa papo hapo inapowashwa.

Cha kufanya? Chomoa plagi ya ukutani, kisha chomoa skrini, bodi ya mchezo na bodi ya kudhibiti volti. Unganisha balbu ya uzi ya wati 100 kwa mfululizo na mashine (LED haifai), rudisha plagi, halafu washa. Ikiwaka kwa nguvu na kila kitu kimechomolewa, tatizo liko kwenye transfoma au dayodi zinazogeuza mkondo. Zipime kwa mita umeme ukiwa umezimwa. Ikififia, rudisha kimoja kimoja hadi iwake tena. Kwenye kapasita kubwa ya buluu, ambayo mafundi wa Marekani huiita Big Blue, tarajia kama volti 10.6 za mkondo mnyoofu. Bila mzigo itasoma juu zaidi, na hilo si ugonjwa. Safisha vishikio, au vibadilishe. Nyuma ya skrini usiingize mkono kama hujafundishwa kuiondolea chaji.

Na mashine ya Marekani ikishushwa bandarini Dar es Salaam au Mombasa kisha ikachomekwa ukutani, fyuzi itakatika kabla skrini haijawaka. Ilitengenezwa kwa volti 120, ukuta unatoa 230 au 240. Transfoma nyingi za aina hii zina ncha za 100, 120, 220 na 240 upande wa kuingilia. Angalia imefungwa kwenye ipi kabla ya kuuliza kuhusu fyuzi.