Karati ya Almasi si Karati ya Dhahabu



Wengi wetu visiwani tunanunua pete ya mahari na kusikia "karati" bila kujua neno hilo lina maana mbili. Karati ya almasi ni uzito: karati 5 ni gramu 1. Karati ya dhahabu ni usafi, katika sehemu 24. Dhahabu ya Tulawaka, Biharamulo, haitoki ardhini ikiwa safi, ndiyo maana hupimwa uzito na usafi pia. (Jirani zao wa Ngara wanajulikana zaidi kwa nikeli, almasi ni ya Mwadui, Shinyanga.)

Pete ikipimwa pamoja na jiwe lake, unalipia jiwe kwa bei ya dhahabu, hata likiwa kioo tu. Siku ya Khaybar, Fadhaalah bin 'Ubayd (Radhwiya Allaahu 'anhu) alinunua kidani cha dhahabu na shanga kwa dinari 12. Alipokitenganisha akakuta dhahabu yake inazidi dinari 12, na Mtume akakataza kisiuzwe mpaka kitenganishwe. Basi usimpe sonara pete kuukuu ukaongeza pesa kuchukua mpya, hiyo ni ribaa. Iuze kwanza, upokee shilingi zako mkononi, kisha ununue.

Na anayetoa Zakaah ya mapambo asihesabu jiwe. Niswaab ni gramu 85 za dhahabu safi. Kwa karati 18 ni takriban gramu 113.

Na Allaah Anajua zaidi.