Mto chini ya goti

Tuseme mkulima wa Kashebere, mashariki mwa Kongo, pale Masisi inapopakana na Walikale, amepigwa risasi mguuni. Majirani wanambeba kwa tipoyi hadi panapopita pikipiki, na hatimaye anafika Goma, katika hospitali ya CBCA Ndosho, ambako wapasuaji wa Msalaba Mwekundu wa Kimataifa wamehudumia majeruhi wengi wa vita. Mguu unakatwa chini ya goti. Usiku maumivu yanamzidi. Muuguzi mwenye huruma anamwekea mto chini ya goti. Mgonjwa anashukuru, analala.

Mto ule ndio adui wangu. Goti likizoea kukunjwa, misuli ya nyuma ya paja hujifupisha, na baada ya wiki kadhaa halinyooki tena. Mafundi wa kituo cha Shirika la Umoja, palepale Goma, wanaweza kumtengenezea mguu wa bandia mzuri ajabu, lakini goti lililopinda halitamsimamisha. Daktari kafanya lake, fundi kafanya lake, muuguzi kaongozwa na huruma, na mtu anarudi kwao na magongo.

Sisi wa kinezitherapia, au fiziotherapia kama wasemavyo Tanzania, tulizoea kumlaumu muuguzi. Lakini alifundishwa wapi? Wa udaktari husoma peke yao, wa uuguzi peke yao, nasi kivyetu. Tunakuja kukutana kando ya kitanda, mmoja ana haraka, mwingine ana cheo.

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa elimu ya pamoja baina ya fani: wanafunzi wa fani mbili au zaidi wajifunze kuhusu wenzao, kutoka kwao, na wakiwa nao. Afrika Kusini, Chuo Kikuu cha Western Cape kimelishughulikia jambo hili kwa bidii. José Frantz, mwanafiziotherapia aliyeongoza idara yake pale, akawa mkuu wa kitivo, kisha naibu makamu mkuu wa chuo, ni mmoja wa walioandika kulihusu. Sishangai kwamba ilihitaji mtu wa kupanda vyeo. Nusu ya kazi hii ni kugombania ratiba, na ratiba haimsikilizi mwalimu mdogo.

Nusu nyingine ni swali. Wakalishe wanafunzi wanne mbele ya mgonjwa mmoja, uwaulize: akifika nyumbani atafanya nini? Wa udaktari ataongelea kidonda, wa uuguzi bandeji, wa kwetu goti. Anayesomea miguu ya bandia atauliza njia ya kwao ikoje. Hapo mgonjwa mwenyewe huingilia: mlima, utelezi, shamba la maharage, na choo cha kuchuchumaa. Vitabu vyetu vya Ulaya vilifikiria ngazi.

Wengine husema elimu hii ni ya vyuo tajiri. Naona kinyume. Mjini goti litapata mtaalamu wake. Kijijini muuguzi wa kituo cha afya ndiye atakayeona kigutu kimekuwa chekundu, au kimenywea mpaka mguu wa bandia unacheza. Asipojifunza hilo chuoni, hakuna wa kumnong'oneza kule.

Mke wa mkulima naye aitwe. Aonyeshwe namna ya kumlaza mumewe kifudifudi nusu saa, mara kadhaa kwa siku. Na mto apewe, ila wa kichwani.